Mtoto Niliyemruka Mstarini

Kwa miaka kumi na minne nilikuwa mwalimu wa usafi katika shule moja ya msingi upande wa Buswelu, na kazi hiyo niliipenda kupita kiasi. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya kuingia darasani, wanafunzi walipanga mistari mbele ya mlingoti wa bendera, wakanyoosha mikono, nami nikaanza kupita. Kucha kwanza. Halafu kola ya shati. Halafu nasema, "Meno," na mstari mzima unakenua kwa pamoja. Mwenye meno machafu alikwenda bombani, akasugua kwa kidole, akarudi kukaguliwa upya mbele ya wenzake. Sikubeba fimbo. Jicho langu lilitosha, na nilijua kwamba linatosha.

Walikuwapo waliosugua kwa mkaa wakiwa njiani, wakafika getini na mate meusi yamekaukia kidevuni. Hao niliwacheka, lakini niliwapitisha. Angalau walikuwa wamenikumbuka.

Binti yangu alisoma shuleni hapohapo. Mwaka 2020 alikuwa darasa la tatu, mwenye miaka tisa, mtoto wangu wa pekee. Baba yake alifanya kazi Bukoba na kuja kwetu Kiseke kila mwisho wa mwezi na mkungu wa ndizi, kwa hiyo siku nyingi tulikuwa wawili tu. Mstarini alisimama wa nne au wa tano kutoka mbele. Nilipomfikia, nilimruka, nikaenda kwa anayefuata. Nilijiambia kwamba sitaki watu waseme mwalimu anampendelea mwanawe. Ukweli ni kwamba haikunipitia akilini kuwa mtoto wa mwalimu wa usafi anaweza kuwa na meno machafu. Alikuwa msafi kwa sababu ni wangu, basi.

Mwezi wa tatu shule zikafungwa. Nchi nyingine watu walifungiwa ndani ya nyumba. Kwetu zilifungwa shule tu. Masoko yalifanya kazi, samaki walivuliwa, watu walikwenda kazini na barakoa zao za vitenge, ila watoto wakaambiwa wakae nyumbani mpaka watakapotangaziwa. Wenzangu wengi waliwapeleka watoto vijijini kwa bibi zao. Mimi nilikataa. Nilikuwa na hofu ya ugonjwa ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa jambo lolote, na hofu yangu haikai kimya, inatafuta kazi ya kufanya.

Nikanunua ndoo yenye koki, nikaiweka kwenye stuli mlangoni, sabuni pembeni. Mtu hakuvuka kizingiti bila kunawa. Binti yangu alinawa akitoka chooni, akitoka uani, akishika noti, akimgusa kuku. Nilimkagua mikono hata mara kumi kwa siku, mbele na nyuma, katikati ya vidole. Jioni nilimfunika blanketi nikampigisha nyungu ya majani ya mwarobaini na mchaichai mpaka uso ukaiva. Geti nililifunga kwa kufuli. Yule mtoto aliyekuwa akitembea nusu saa kwenda shule na nusu saa kurudi, mwendo wa kupanda na kushuka mawe, sasa safari yake ndefu ilikuwa kutoka kochi hadi choo. Aliamka saa nne. Alitazama katuni mpaka macho yakawa mekundu. Wakati wa kula hakuwa na njaa, na wakati usio wa kula alitaka biskuti. Haya yote niliyaona, nikasema yatarekebishwa shule zikifunguliwa. Kwanza tuwe hai.

Na kulikuwa na ile dawa. Kila nyumba mtaani ilikuwa na yake. Yangu ilikuwa tangawizi iliyopondwa, malimau manne na asali, vyote vikichemshwa asubuhi na kuwekwa kwenye chupa ya chai. Asali ilitoka Magu kwa mama yangu, aliyenitumia dumu zima kwa basi mara tu aliposikia habari za ugonjwa. Binti yangu alipoonja mara ya kwanza alitema. Nikaongeza asali. Akasema bado inawasha. Nikaongeza na sukari, vijiko vitatu, vinne, mpaka akakubali. Kisha nikampa sheria: kila akikumbuka, kikombe. Chupa ilikaa mezani mchana kutwa, na akienda kulala nilimpa kikombe cha mwisho kitandani, akakinywa na kusinzia hapohapo. Nilimtazama akilala nikajisikia mama hodari. Majirani walinisifu, na mimi niliwafundisha vipimo vyangu.

Tulikaa hivyo miezi mitatu. Hakuumwa hata mafua.

Mwisho wa mwezi wa sita shule zikafunguliwa. Siku ya kwanza tulisimama getini na ndoo, kila mtoto ananawa ndiyo aingie. Mistari ilipangwa kwa kuachiana nafasi, na mwalimu mkuu akaniambia ukaguzi usitishwe kwanza; hatutaki mwalimu ainamie nyuso za watoto mia nane. Kwa hiyo nilisimama pale nikitazama barakoa. Vinywa vyote vya shule vilikuwa vimefunikwa, na mimi nikasema moyoni, hata vizuri, nipumzike.

Niliona kwamba binti yangu anahema akipanda kilima tulichokuwa tukikipanda huku tukipiga soga. Nikasema miguu imelala, itaamka. Niliona anatafuna upande mmoja. Nilimuuliza, akasema amejing'ata. Wiki moja baadaye aliacha uji wa saa nne, na mtoto anayeacha uji wa shule yetu ujue ana tatizo, maana ule uji ulikuwa na karanga. Jioni, nikimsaidia kuvua barakoa, nikaona shavu la kushoto limevimba.

"Fungua mdomo," nikamwambia.

Alikataa. Mtoto ambaye hakuwahi kunikatalia jambo alifumba mdomo kwa nguvu, machozi yakamtoka. Nilimpeleka mlangoni kwenye mwanga, nikamshika kidevu, nikamfungua mwenyewe. Gego la chini la kushoto lilikuwa na shimo jeusi ambalo njiti ya kiberiti ingeingia kichwa. Harufu iliyotoka pale niliifahamu. Niliwahi kuwarudisha watoto bombani kwa harufu hiyo.

Nilisema neno ambalo wazazi wengi wangesema, kwa kujifariji: ni jino la utotoni, litang'oka, litaota lingine.

Asubuhi tulikwenda hospitali mjini. Daktari wa meno alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye mikono mikubwa. Binti yangu akamwamkia, "Shikamoo, daktari," akiwa ameshika shavu. "Marahaba, mgonjwa wangu," akajibu, akamlaza kwenye kiti, akawasha taa, akatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mama, hili ulidhani la utotoni?"

"Ndiyo. Ana miaka tisa tu."

"Wengi wanadhani hivyo. Haya magego ya nyuma yanaota akiwa na miaka sita, bila jino lolote kung'oka, ndiyo maana mzazi hajui yameingia. Ni ya kudumu. Likitoka limetoka."

Nikamuuliza kama haliwezi kuzibwa. Akatikisa kichwa. Usaha ulishafika kwenye mzizi. Alisema lisingeoza kiasi kile kwa miezi mitatu peke yake. Lilianza mapema, na miezi ile ilikuja kumalizia. Kisha akauliza mtoto anakunywa nini. Nikamweleza dawa yangu kwa fahari, na vipimo vyake, na kikombe cha kitandani. Nilitegemea asifu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua glovu.

"Mwalimu," akasema, kwani nilikuwa nimejitambulisha kwa cheo, nikidhani kinasaidia, "limau linalainisha jino, sukari inalila. Na akilala hakuna mate ya kusafisha. Umempa vyote vitatu kila siku."

Halafu akanionyesha la upande wa kulia, pacha wake. Lilikuwa na shimo dogo kama alama ya kalamu. Hilo alilichimba na kuliziba siku hiyohiyo. Akasema likitunzwa litakaa maisha yake yote, lisipotunzwa litamfuata mwenzake kabla hajamaliza darasa la saba. Baada ya miezi sita turudi alione. Lile la kushoto akalichoma sindano ya ganzi na kuling'oa. Binti yangu hakulia. Alinikazia macho muda wote, na mimi ndiye niliyetazama ukutani.

Nyumbani nilitafuta mtu wa kumlaumu, na aliyekuwa karibu ni mama yangu. Nikampigia Magu. Baada ya shikamoo sikumuuliza hata hali ya mvua. Nikamwambia asali yake imemtoa mjukuu wake jino.

"Marahaba," akasema taratibu. "Asali nilituma mlambe kijiko kimoja asubuhi. Wewe umeipikia chai ya kutwa nzima?"

Nikaitazama ile chupa mezani.

"Na kusugua je? Alikuwa anasugua?"

"Alikuwa anasugua, mama. Mimi ni mwalimu wa usafi."

"Ulimwona?"

Akacheka kidogo, bila ubaya, akasema kinyozi hajinyoi, mwanangu, akanitakia usiku mwema ingawa ilikuwa saa kumi jioni.

Nilikwenda bafuni. Mswaki wa binti yangu ulikuwa kwenye kikombe chake, wa rangi ya waridi, niliomnunulia wiki ile shule zilipofungwa. Nywele za mswaki huo zilikuwa zimenyooka kama siku niliyoutoa dukani. Wangu, ulionunuliwa siku hiyohiyo, ulikuwa umepinda kila upande. Miezi mitatu vikombe hivyo viwili vilikaa pamoja mbele ya macho yangu, na kila asubuhi nilisogeza wake ili nichukue wangu.

Nilikuwa na hasira, na kwa kuwa mama alikuwa ameshaikataa, nikaibeba mpaka kitandani kwa mtoto. Alikuwa amejilaza na pamba mdomoni. Nikamuuliza kwa nini aliniitikia kila asubuhi kwamba amesugua, na kama hata shule ikiwapo alikuwa hasugui.

Akatoa pamba ili aseme vizuri.

"Shule ikiwepo nilikuwa nasugua kila siku, mama. Nilikuwa nangoja siku utasimama kwangu."

"Nisimame?"

"Mstarini. Unawakagua wote, ukifika kwangu unaruka. Nilisema iko siku atasimama, anikute msafi. Shule ikafungwa, hamna mstari. Nikaona hamna haja."

Akarudisha pamba. Mimi nikabaki nimekaa ukingoni mwa kitanda. Nimesemwa na wakuu wa shule, na wakaguzi wa wilaya, na wazazi waliokuja wamelewa. Hakuna aliyewahi kunipata pale. Nililia, na sikujificha. Siku ya pili niliamka na nia moja tu: lile gego la kulia halitoki. Wala si kwa ajili ya jino peke yake.

Chupa ya chai niliiosha nikampa jirani, pamoja na onyo. Kitandani ikabaki maji. Kufuli la geti nikalitoa, na jioni tukawa tunatembea hadi barabara kuu na kurudi, kwanza yeye akilalamika, baadaye mimi. Saa mbili na nusu usiku televisheni ilizimwa, na tulikosana sana kwa hilo. Alininunia siku nne mfululizo, na siku ya tano akaamka saa kumi na mbili mwenyewe kwa sababu alikuwa amelala vya kutosha. Kuhusu meno sikumkagua. Nilijua nikianza kumkagua, siku nikisafiri atakoma. Nilichofanya ni kusimama naye uani, kila mmoja na mswaki wake na kopo lake la maji, tukasugua pamoja tukitazamana, asubuhi na kabla ya kulala. Mara ya kwanza alicheka povu likanirukia kwenye gauni. Ilinichukua muda kuzoea kusugua bila kumwamrisha, maana mdomo wenye mswaki hauwezi kufoka, na kwangu hiyo ilikuwa adhabu tosha.

Shuleni ilikuwa vita nyingine. Ilipofika mwezi wa tisa barakoa zilishaisha, na ndoo za kunawia zilikuwa zimekauka kandokando ya madarasa, koki zimevunjika, buibui ndani. Mwalimu mkuu aliniambia naweza kurudisha ukaguzi wa asubuhi. Nikamwambia siurudishi. Nilitaka dakika kumi baada ya uji, kwa darasa la tatu kwanza, nyuma ya madarasa kwenye lile jabali ambalo watoto huteleza.

"Dakika kumi za kufanya nini, mwalimu?"

"Kusugua meno."

"Wazazi wamewaleta kusoma."

"Nimekaa miaka kumi na minne nikitazama meno, mkuu. Sijawahi kumfundisha hata mtoto mmoja kusugua."

Alikataa. Maji hayatoshi, akasema, na hapo alikuwa na haki. Wiki iliyofuata nikaja na madumu mawili niliyoyajaza nyumbani Kiseke, nikayabeba mwenyewe, moja kila mkono, nikapita nayo mbele ya dirisha la ofisi yake. Nilifanya hivyo siku ya pili na ya tatu. Siku ya nne akatoka nje akanipokea dumu moja, akasema nisimfedheheshe, akatoa ruhusa mpaka mwisho wa muhula. Nikachukua ndoo iliyotupwa, nikanunua koki mpya, nikaifunga.

Wasiokuwa na miswaki walikuwa zaidi ya nusu. Hao nikawaonyesha mswaki wa mti, kama mama alivyotufundisha Magu: unatafuna ncha mpaka inakuwa nyuzi, unasugua juu kwenda chini, huku na huku, nyuma hadi gego la mwisho. Tulikaa kwenye jabali wote, mimi katikati, nikasugua mbele yao na kutema mbele yao. Watoto hawakuwahi kuona mwalimu akitema. Walifurahi kiasi kwamba niliogopa watakuja kwa ajili hiyo tu, na sidhani kama nilikosea. Binti yangu alikaa pembeni ya mwenzake, hakuwa wa kurukwa wala wa kutazamwa. Mzazi mmoja alikuja kulalamika kwamba mwanawe sasa anawakatalia wadogo zake pipi za jioni. Nikamwambia aje na yeye, nafasi ipo.

Miezi sita ilipotimia tulirudi kwa daktari. Nilishindwa kuketi. Aliwasha taa, akagonga lile gego la kulia kwa kifaa chake, akalichunguza kila upande, kisha akamwambia binti yangu, si mimi, kwamba yuko vizuri. Tulirudi kila baada ya miezi sita kwa miaka iliyofuata. Muhula ule wa ruhusa haukuisha. Madarasa mengine yakaingia, bomba likavutwa mpaka kwenye jabali, na mwalimu mkuu alipohama, mrithi wake alidhani shule imekuwa hivyo tangu mwanzo. Sikumsahihisha.

Mwaka juzi binti yangu alimaliza darasa la saba, na mwaka jana mwanzoni akapangiwa shule ya bweni upande wa Kagera, kwao baba yake. Tulinunua vitu vya kwenye fomu: mashuka, ndoo, fagio, jembe la mpini mfupi, tranka la bati la bluu. Asubuhi ya safari tranka lilikuwa limeshafungwa. Nilitamani kulifungua nione kama mswaki umo. Niliuweka mkono juu ya kufuli, nikautoa, nikaenda kuchemsha chai. Nilikuwa nimejiapiza miaka mitano kwamba sitamkagua, na sikutaka kuvunja nadhiri siku ya mwisho kwa sababu ya woga.

Nilipogeuka, alikuwa amesimama katikati ya sebule, sketi mpya imempwaya, ananizidi kimo kwa vidole viwili. Alikuwa amenyoosha mikono mbele, viganja chini, kama mstarini.

"Mama," akasema, "leo usiruke."

Nikaweka sufuria chini. Nikaanza na kucha, mkono wa kulia kisha wa kushoto. Nikanyoosha kola yake iliyokuwa imenyooka. Kisha nikasema lile neno: "Meno."

Akakenua, halafu akafungua mdomo wote. Chini kushoto pengo lilikuwepo bado, limepungua, jino la nyuma limesogea kulijazia. Kulia gego lilikuwa mahali pake na ule mzibo wake. Nilitazama moja baada ya jingine, juu na chini, sikuharakisha, na yeye hakuharakisha kufunga. Basi la kwanza likatuacha. Tukapanda la pili.